Kukonda Si Kupona

Chukua futi kamba ya fundi cherehani uhesabu sentimita 45. Huo ndio urefu wa utumbo mwembamba uliobaki ukifanya kazi ndani ya mgonjwa aliyepasuliwa ili apunguzwe unene kwa njia iliyoenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960: sentimita 35 za mwanzo wa utumbo ziliunganishwa na 10 za mwisho. Mita kadhaa zilizokuwa katikati hazikutolewa. Zilifungwa upande mmoja zikaachwa humo humo tumboni, zikiwa hai lakini hazipitishi chakula. Wazo lilianzia kwenye taarifa ya mwaka 1954 ya Kremen, Linner na Nelson wa Minnesota, na vipimo vya 35 na 10 vilitokana na kazi ya Payne na DeWind wa California. Wagonjwa walikonda, tena sana, na kwa kuwa walikonda, upasuaji ulihesabiwa umefaulu. Mizani ndiyo iliyokuwa hakimu. Hoja yangu ni kwamba aliyemvua hakimu huyo joho ni ini, na kwamba mazungumzo ya leo kuhusu upasuaji huu kama kinga ya saratani ya ini hayaeleweki bila kurudi kwenye kesi hiyo ya zamani.

Madhara hayakuchelewa. Wagonjwa waliharisha mchana na usiku, figo zilifanya mawe, viungo viliuma, vitamini zilipungua. Hayo yote daktari aliweza kuyaita gharama ya kukonda na mgonjwa akakubali kuilipa. Lililokataa kuingizwa kwenye hesabu hiyo ni ini. Baadhi ya wagonjwa, miezi au miaka baada ya kushonwa, waligeuka manjano machoni, tumbo likajaa maji, na wengine walikufa ini likiwa limesinyaa na kuwa gumu. Wataalamu walipokiweka kinyama cha ini chini ya hadubini waliona picha waliyoizoea: matone ya mafuta yamesukuma viini vya seli pembeni, seli nyingine zimevimba kama puto, nyuzi za kovu zinatambaa katikati yake. Lilikuwa ini la mlevi, ila mwenye ini hakuwa mnywaji. Maelezo yaliyokubalika baadaye yalikuwa mawili. Mwili ulikosa protini, na ule utumbo usio na kazi uligeuka shamba la bakteria ambao sumu zao zilipanda moja kwa moja hadi kwenye ini, kwa sababu damu itokayo utumboni hupita hapo kwanza kabla ya kurudi moyoni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa. Waswahili husema mtu amekatwa maini anapotendewa jambo la kuumiza mno. Hawa walikatwa utumbo, yakafa maini.

Msomaji anaweza kusema kwamba hapo hakuna siri: ulikuwa upasuaji mbaya, na kukonda kwenyewe hakuna kosa. Pingamizi hilo lina uzito, na ushahidi wake bora umetoka Kuba. Mwaka 2015 watafiti wa huko walichapisha habari za wagonjwa 293 wenye ini lenye mafuta na uvimbe, waliofuatwa kwa wiki 52 wakipunguza chakula na kufanya mazoezi. Katika wale waliopungua asilimia 10 ya uzito wao au zaidi, uvimbe wa ini ulitoweka kwa asilimia 90 yao. Kwa hiyo kupungua uzito kunalisaidia ini. Lakini waliofika kiwango hicho hawakuzidi mmoja katika kila kumi, na wagonjwa wa miaka ya 1960 walipungua sana, ini la baadhi yao likafa vilevile. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, utaona kwamba idadi ya kilo zilizotoka haitoshi kukueleza hali ya ini. Lazima ujue zimetokaje na utumbo umebaki katika hali gani. Mizani haijui kutofautisha mtu anayepona na mtu anayekauka.

Njia ya pili ilizaliwa Iowa, na haikuzaliwa kwa kutafuta tiba ya unene. Edward Mason alikuwa akiwapasua watu wenye vidonda vya tumbo, akaona kwamba waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hawanenepi tena. Mwaka 1966 akaanza kutenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, bila kuacha sehemu ndefu ya utumbo iliyoziba. Nyongo na maji ya kongosho viliendelea kupita katika ile sehemu iliyorukwa na chakula, basi hapakuwa na kidimbwi cha kuzalia bakteria. Tofauti inaonekana ndogo kwenye mchoro. Kwenye ini ilikuwa tofauti ya kufa na kupona. Jina la fani nalo lilikuwa linabadilika pembeni: mwaka 1978 Henry Buchwald na Richard Varco, wa Minnesota hiyohiyo, walitoa kitabu walichokiita upasuaji wa kimetaboli, yaani upasuaji wa kiungo kisicho na ugonjwa kwa ajili ya kurekebisha jinsi mwili unavyotumia chakula. Buchwald alilithibitisha wazo hilo kwa watu 838 waliowahi kupata mshtuko wa moyo: matokeo ya mwaka 1990 yalionyesha kwamba kuruka sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba kulishusha lehemu katika damu. Lengo lake halikuwa kumkondesha mtu yeyote.

Kisha ikaja Greenville, North Carolina. Walter Pories alianza mwaka 1980 kuwafanyia wagonjwa wake upasuaji wa aina ya Mason, akashangaa kwamba wenye kisukari sukari yao ilikuwa inashuka ndani ya siku chache, nguo zao zikiwa bado zinawabana kama kawaida. Mwaka 1995 alichapisha habari za wagonjwa 608, wengine wakiwa wamefuatwa hadi miaka 14. Kati ya 146 waliokuwa na kisukari cha ukubwani, 121 walikuwa na sukari ya kawaida. Kichwa cha makala yake kiliandikwa kama mshangao, jambo adimu katika jarida la upasuaji, na mshangao huo ulikuwa wa haki. Ikiwa sukari inatangulia kushuka kabla ya uzito, basi kilo si chanzo bali ni dalili mojawapo. Chakula kinapofika mapema sehemu ya chini ya utumbo, homoni za utumboni hubadilika, insulini hufanya kazi vizuri zaidi, na ini huacha kupokea mzigo uleule wa mafuta na sukari. Chama cha madaktari wa fani hii Marekani kiliongeza neno metaboli kwenye jina lake mwaka 2007. Kwa maoni yangu kilichelewa.

Wakati huohuo ugonjwa wenyewe ulikuwa unatafutiwa jina. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa 20, wengi wao wanene, wengi wanawake, ambao maini yao yalifanana na ya walevi ingawa hawakuwa walevi. Ni picha ileile iliyokwisha kuonekana kwa wale waliorukishwa utumbo. Wagonjwa wa bahati mbaya ya kisu walikuwa wametangulia kuonyesha kwamba ini linaweza kuharibiwa kwa njia hiyo bila pombe. Tangu hapo imethibitika kwamba mafuta huzaa uvimbe, uvimbe huzaa makovu, makovu huzaa ini lililosinyaa, na humo saratani huota, ingawa kwa baadhi ya watu hawa huota hata kabla ini halijasinyaa.

Hapa ndipo madaktari wa upasuaji wa saratani ya ini wanapoingia, nao walifika mahali palepale kwa barabara nyingine. Tôn Thất Tùng alipasua maini ya maiti Hanoi tangu miaka ya 1930 ili ajue mishipa inapita wapi. Lortat-Jacob aliondoa upande mzima wa kulia wa ini mjini Paris mwaka 1952. Couinaud aligawa ini katika sehemu nane mwaka 1957. Ustadi ulikua hadi ukawa wa ajabu. Hata hivyo, saratani hurudi kwa takribani watu 70 katika kila 100 ndani ya miaka mitano baada ya kukatwa, kwa sababu ini linalobaki ni lilelile lililoiotesha. Mazzaferro wa Milano alionyesha upande wa pili wa hoja mwaka 1996: kwa wagonjwa 48 wenye saratani ndogo ya ini, ambao ini zima liliondolewa na kubadilishwa, asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka minne. Hao waliondolewa saratani pamoja na shamba lake, yaani ini lililoiotesha. Lakini maini ya kupandikiza hayatoshi, na hayatatosha kamwe.

Je, upasuaji wa kimetaboli unaweza kulitibu shamba hilo kabla saratani haijaota? Ushahidi upo, na unastahili kusomwa kwa jicho kavu. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987, wenye watu 4,047, ulionyesha mwaka 2009 kwamba saratani kwa jumla ilipungua kwa wanawake waliopasuliwa, lakini si kwa wanaume. Mwaka 2021 Ali Aminian na wenzake wa Cleveland walitoa habari za watu 1,158 ambao ugonjwa wa ini ulithibitishwa kwa kinyama cha ini. Kwa makadirio ya miaka kumi, matatizo makubwa ya ini, saratani ikiwa mojawapo, yaliwapata asilimia 2.3 ya waliopasuliwa na asilimia 9.6 ya wasiopasuliwa. Pingamizi linajileta lenyewe: hawakupangwa kwa kura, na anayechaguliwa kupasuliwa mara nyingi ana nguvu na msaada kuliko anayeachwa. Tena wagonjwa wanne katika kundi la upasuaji walikufa ndani ya mwaka wa kwanza kwa matatizo ya upasuaji wenyewe, na mtu asiyelitaja hilo hasemi ukweli wote. Sehemu ya jibu ilitoka Roma mwaka 2023: watu 288 walipangwa kwa kura, na baada ya mwaka mmoja uvimbe wa ini ulikuwa umetoweka kwa asilimia 56 na 57 katika makundi mawili ya upasuaji, dhidi ya 16 kwa waliobadili mtindo wa maisha. Hakimu safari hii alikuwa kinyama cha ini. Lakini mwaka mmoja hautoshi kuhesabu saratani, na anayeusoma utafiti wa Roma kama ushahidi wa saratani ameusoma zaidi ya ulivyoandikwa.

Wengine watasema dawa zimekwisha kumaliza mjadala. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha resmetirom, na mwaka 2025 semaglutide, kwa ugonjwa huuhuu wa ini. Ni habari njema, lakini semaglutide inaiga homoni ya utumbo ileile inayopanda baada ya upasuaji wa Mason. Ni mtoto wa hoja hii, si mpinzani wake. Pingamizi zito zaidi linatoka hapa kwetu. Afrika Mashariki, saratani nyingi ya ini imetokana na homa ya ini aina B na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Hakuna kisu cha utumbo kitakachozuia hayo. Chanjo na ghala kavu ndivyo vitakavyozuia, na kwa upande wa unene, mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki zetu bado anapandishwa kwenye mizani kila mara, huku mara nyingi ini lake likiwa halijapimwa hata mara moja.