Farasi mzee na maumivu ya viungo: Jinsi ya kuchagua virutubisho

FARASI anapopita umri wa miaka 15, ugumu wa viungo si jambo la kushangaza. Asubuhi hutoka bandani kwa hatua fupi, husita kugeukia upande mmoja, kisha baada ya kutembezwa kwa dakika 10 hulegea na kwenda kama kawaida. Mwenye farasi anapoeleza dalili hizo kwa wenzake, jawabu analopata mara nyingi ni moja: nunua virutubisho vya viungo.

Ushauri huo si mbaya, ila una upungufu. Jijini Nairobi, ambako baadhi ya farasi wanaotumika kufundishia watoto waliwahi kukimbia katika uwanja wa mbio wa Ngong, kopo la unga wa aina hiyo kwa kawaida huagizwa kutoka nje ya nchi na humalizika upesi. Anayechagua bila kujua hupoteza fedha mwaka mzima, na farasi wake huendelea kuumia.

Mwisho wa kila mfupa katika kiungo hufunikwa na gegedu, na utandu unaozunguka kiungo hutoa ute mzito unaolainisha. Miaka ya kazi na majeraha ya zamani hulichakaza gegedu, utandu huvimba, na ute hupoteza uzito wake. Kwa kuwa gegedu halina mishipa ya damu, uwezo wake wa kujitibu ni mdogo mno. Tangazo linaloahidi kwamba unga fulani utaliotesha upya gegedu lililokwisha halifai kuaminiwa.

Kabla ya kununua chochote, farasi aonwe na daktari wa mifugo. Kuchechemea kuna sababu nyingi: jipu ndani ya ukwato, kano iliyoumia, hata mwiba. Kiungo kilichovimba na kuwa na joto kinaweza kuwa na maambukizi, na hiyo ni dharura, si suala la virutubisho. Daktari huvikunja viungo kimoja kimoja, humtazama farasi akienda, na inapobidi hupiga picha za eksirei.

Glukosamini na kondroitini

Hivi ndivyo viambato vinavyouzwa zaidi. Glukosamini hutengenezwa hasa kutokana na magamba ya kamba na kaa, na kondroitini hutokana na gegedu la ng'ombe au papa. Kiasi kinachotajwa sana kwa farasi wa kilo 500 ni takriban gramu 10 za glukosamini kwa siku.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya glukosamini haifiki katika damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa farasi hufyonza asilimia 2.5 tu ya glukosamini anayolishwa. Mwingine wa mwaka 2005 ulipata karibu asilimia 6, na kiasi kilichoonekana katika ute wa kiungo kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na kile kinacholeta matokeo mazuri katika chupa za maabara. Kondroitini hufyonzwa vizuri zaidi.

Je, farasi mwenyewe huonyesha nafuu? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya farasi wazee 20, ambapo 15 walilishwa mchanganyiko wa viambato hivyo viwili na watano wakapewa unga usio na dawa. Waliopewa mchanganyiko walirefusha hatua zao kufikia wiki ya nane. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walifanya jaribio kama hilo kwa farasi wazee 24 kwa miezi mitatu, nao hawakuona tofauti yoyote ya maana katika mwendo. Kundi la kulinganishia lenye farasi watano ni dogo mno kujengea imani, na kwa mtazamo wa mwandishi jaribio la pili lina uzito zaidi. Hata hivyo viambato hivi havijulikani kuwa na madhara makubwa, na ndiyo maana madaktari wengi hawamkatazi mwenye nia ya kuvijaribu.

Lebo nayo ina mambo yake. Virutubisho havikaguliwi kwa ukali unaotumika kwa dawa. Mwaka 2006 wanasayansi walipima aina 23 za virutubisho vya farasi vilivyokuwa sokoni na kukuta tisa kati yake vina glukosamini pungufu ya ile iliyoandikwa. Nne hazikufikisha hata asilimia 30, na kulikuwa na aina ambayo haikuwa na glukosamini kabisa. Kwa hiyo mnunuzi atafute kopo linalotaja kiasi cha kila kiambato kwa gramu, namba ya toleo na tarehe ya kuharibika. Kopo lililoandikwa tu "mchanganyiko maalumu", bila vipimo, liachwe dukani. Bei nayo ilinganishwe kwa gramu ya kiambato, kwa kuwa kopo la bei nafuu huweza kuwa na pumba na molasi zaidi ya kitu kingine.

Parachichi na mafuta

Kiambato chenye ushahidi wa kutia moyo kidogo ni dondoo maalumu la mafuta ya parachichi na soya. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walilijaribu kwa farasi 16. Kuchechemea hakukupungua, lakini gegedu la waliolishwa dondoo hilo liliharibika kidogo kuliko la wenzao. Asije mtu akamlisha farasi wake maparachichi ya shambani kwa sababu hiyo. Majani, magome na matunda ya mparachichi ni sumu kwa farasi, na katika maeneo yetu ambako mti huo umeota kila ua, malisho yanafaa kukaguliwa.

Mafuta ya omega-3 nayo yanafaa kufikiriwa, kwa kuwa hupunguza uvimbe mwilini. Yale ya samaki au ya mwani yana aina ambayo mwili huitumia moja kwa moja. Mbegu za kitani ni nafuu zaidi, lakini farasi hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta yake kuwa aina hiyo.

Vingine, kama MSM na asidi ya hyaluroni ya kulishwa, havina ushahidi wa kutosha wa kumtuliza farasi mwenye baridi yabisi. Visiwe sababu ya kulipa zaidi.

Kupima nafuu

Anayeamua kujaribu aanze na bidhaa moja tu, kwa wiki nane au zaidi, bila kubadili kazi ya farasi wala chakula kingine. Siku ya kwanza, na kila baada ya wiki mbili, saisi amwongoze farasi kwenye ardhi ngumu na tambarare kwa mwendo wa matiti, ule ulio kati ya kutembea na shoti, huku mtu mwingine akirekodi kwa simu. Kichwa kinachoinuka kila mguu mmoja wa mbele unapogusa ardhi ndicho ishara ya maumivu ya mguu huo. Picha zitazamwe na mtu asiyejua ni za wiki gani, kwani aliyetoa fedha huona nafuu hata isipokuwepo. Pasipo mabadiliko, unga uachwe.

Fedha hizo zina kazi nyingine. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa farasi, hivyo kumpunguza aliyenenepa humpa nafuu kuliko kopo lolote. Mbavu zisionekane sana, lakini zipatikane kwa kupapasa. Kwato zipunguzwe kila baada ya wiki sita hadi nane. Farasi ashinde malishoni badala ya kufungiwa bandani, na kabla ya kazi atembezwe polepole hadi viungo vipate moto. Siku maumivu yanapozidi, zipo dawa kama fenilibutazoni, ambazo huweza kudhuru tumbo na figo. Hizo ni za kutolewa na daktari.

Wanaoshindana wawe waangalifu zaidi. Katika Michezo ya Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yalipofanyika Hong Kong, farasi wanne wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini, kiambato kikali cha pilipili kinachotumika katika krimu za kutuliza maumivu, na timu ya Norway ikapoteza medali ya shaba. Harpagosidi, inayopatikana katika mzizi wa mmea wa jangwa la Kalahari unaochanganywa katika virutubisho vingi vinavyoitwa vya asili, imo pia katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi. Farasi anayepandwa na wanafunzi na mara moja moja kupelekwa mashindanoni aachishwe unga wa aina hiyo mapema, kwa muda atakaoutaja daktari.