Mguu Ubebe Kiatu, au Kiatu Kibebe Mguu?

Wahenga walisema, ukitaka uzuri sharti udhurike. Mimi ambaye nyayo zangu zimelala bapa tangu utotoni, na magoti huniuma kila jioni, nimejiuliza sana: hivi sharti hilo lazima litimizwe na miguu? Ndipo nikaanza kuchimba historia ya viatu.

Tuanze na mifupa. Mwaka 2021 wataalamu walitoa matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa zamani mjini Cambridge, Uingereza. Wa karne ya 11 hadi 13, asilimia 6 tu walikuwa na kidole gumba cha mguu kilichopinda kuwaelekea wenzake. Karne ya 14 na 15, viatu vya ncha kali vilipotamba, wakafika asilimia 27! Na kati ya watu wazima waliofikisha miaka 45, waliopinda vidole ndio waliovunjika zaidi kwa kuanguka. Udhurike kweli.

Lakini yupo aliyekataa. Salvatore Ferragamo, Mwitalia aliyezaliwa Bonito mwaka 1898, alikuwa fundi viatu tangu utotoni. Akahamia Marekani, akawashonea waigizaji wa sinema. Viatu vilipendeza, ila viliumiza. Hakusema eti ndiyo fasheni, mvumilie. Alikwenda kusoma habari za maungo ya mwili chuo kikuu huko Los Angeles, akatambua kwamba mtu akisimama wima, uzito wake huangukia uvungu wa unyayo. Uvungu ukiachwa ukining'inia, mzigo wote husukumwa vidoleni. Basi akauegemeza kwa kipande chembamba cha chuma ndani ya soli.

Sasa sikiliza, maana hapa historia inatugusa. Oktoba 1935 Mussolini aliivamia Ethiopia. Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo, chuma kizuri kikaadimika. Ferragamo, ambaye alikwisharudi kwao, akachukua gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa, akajaza nafasi yote kati ya kisigino na soli. Mguu ukapata pa kuegemea. Kiatu hicho kikaenea duniani, huku Waethiopia wakizika watu wao.

Miaka ya 1970 soli nene zikatua kwetu kwa jina la raizoni, zikiandamana na suruali za bugaluu. Unene tuliuona, elimu ya uvungu wapi! Raizoni ilikuwa juu na ngumu. Ukikanyaga vibaya, kifundo kimeteguka.

Mimi skuna sijaziacha, bwana. Navaa zenye kisigino kifupi na kipana, vidole vipate nafasi, na fundi wa mtaani huniwekea kipande cha ngozi chini ya uvungu. Siku ya harusi navaa ndefu, nikichoka nakaa.

Nanyi wenzangu mnaoota kuandika riwaya, siku mhusika wenu atakapopita mjini kwa raizoni na bugaluu, msimpe viatu tu. Mpeni na magoti yake.