Kimo Kiko Wapi?

Mawingu yakiachia asubuhi, mtu aliyesimama Sakina, Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga, huuona Mlima Meru mzima kuanzia migomba ya chini mpaka kileleni. Watoto hupita hapo na mabegi yao wakielekea shule. Jioni hurudi na kazi ya nyumbani ya Hisabati, na ndani ya daftari wanakuta mlima mwingine: pembetatu yenye pande za sentimita 13, 14 na 15. Ule wa 14 ndio kitako, na kutoka kileleni umeshushwa mstari wa nukta wa sentimita 12. Tafuta eneo.

Wengi huzidisha 14 kwa 13, wakagawa kwa mbili, wakapata 91. Jibu ni 84. Mtoto amepima mteremko akadhani amepima kimo, na mzazi aliyeketi naye mezani anajua kuna kosa ila hajui aanzie wapi kulieleza.

Swali hilo la mteremko na kimo ni la zamani sana. Takribani mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi Mmisri aliyeitwa Ahmose alinakili kwenye mafunjo kitabu cha hesabu cha zamani zaidi. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na leo yapo British Museum. Hesabu ya 51 ni ya shamba la pembetatu: kitako khet 4, na kipimo kingine khet 10. Khet moja ilikuwa dhiraa 100, na dhiraa ni kipimo ambacho wauza nguo wa pwani yetu walikijua vizuri kwa mkono wao wenyewe, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ahmose anachukua nusu ya 4, anaizidisha kwa 10, anapata 20.

Hesabu imekaa sawa. Kilichowasumbua wasomi ni jina la kile kipimo cha khet 10. Walibishana kwa miaka mingi: je, neno la Kimisri lilimaanisha kimo, au upande wa pembetatu? Kama ni upande, Ahmose alikosea kama anavyokosea mtoto wa Sakina. Kama ni kimo, alikuwa sahihi kabisa. Maprofesa wazima wamekesha juu ya swali ambalo mwanafunzi wa msingi hulialia akiwa na penseli mkononi, na hilo pekee lingetosha kumwondolea aibu.

Miaka zaidi ya elfu moja na mia tano baadaye, pale pale Misri, Heron wa Aleksandria aliandika njia ya kupata eneo kwa pande tatu tu, bila kutafuta kimo. Jumlisha 13, 14 na 15, upate 42. Nusu yake 21. Toa kila upande kutoka 21: zinabaki 8, 7 na 6. Zidisha 21 kwa 8 kwa 7 kwa 6, upate 7,056. Kipeuo chake cha pili ni 84. Mpima ardhi mwenye kamba na asiye na chombo cha pembe aliweza kuzunguka shamba la watu, akatoka na eneo lake.

Huku kwetu pembetatu za wapimaji zilifika zikifuata milima. Mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na London wakamkatalia. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, alikuja na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza aliyewahi kuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi. Hawakufika kileleni, na kwa kazi ya kukadiria kimo hapakuwa na haja ya kufika. Kanuni yao ni ile ya daftarini: pima kwa uangalifu mstari mmoja ardhini, huo ndio kitako, simama kila mwisho wake, upime pembe ya kutazama kilele, kilichobaki hukokotolewa mezani. Mlima unapimwa na mtu ambaye hajaukanyaga.

Kati ya 1904 na 1906, tume ya Waingereza na Wajerumani ilipima mpaka wa makoloni yao kutoka Ziwa Victoria hadi Kilimanjaro, pembetatu baada ya pembetatu. Barabara ya Sakina inaukuta mstari huo Namanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Martin Hotine, mpimaji wa jeshi la Uingereza, aliendeleza magharibi mwa Tanganyika mnyororo wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30, kazi iliyowazwa na mwanaastronomia David Gill huko Afrika Kusini tangu karne ya 19. Pengo la mwisho, la Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Ramani za Tanzania, Kenya na Uganda ziliegemezwa kwenye mfumo uliopewa jina la mnyororo huo, Arc 1960.

Vipimo hivyo havikuwa vya elimu tupu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, ili ardhi yao iwe mashamba ya wazungu. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, alikwenda New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa mtu aliyeona boma lake likichomwa, neno eneo lilikuwa na uzito ambao hakuna kitabu cha hesabu kinachoubeba.

Maneno yenyewe yana historia yake. Chini ya Waingereza, Kiswahili kilifundishia madarasa ya chini, na aliyepanda juu alikutana na jiometri kwa Kiingereza, kwa futi na inchi. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha la Februari na waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka huo huo. Hisabati nzima ikahitaji majina, na mengine yalikuwa yanasubiri majumbani: pembe, ambayo ni ya ng'ombe na pia ya chumba, kitako, kinachokaliwa na chungu, kimo, kinachosemwa juu ya mtu mrefu au mfupi.

Hayo ni maneno mazuri mno. Hakuna anayempima mtu kimo kwa kufuata mgongo wake akiwa ameinama. Husimamishwa wima ukutani, kichwa juu, visigino chini. Mwalimu anayesema hivyo darasani amemaliza nusu ya somo. Lakini kitako nacho kina mtego wake. Kwa kuwa chungu hukalia upande mmoja tu, mtoto huamini kwamba pembetatu nayo ina kitako kimoja, ule mstari wa chini. Ukiigeuza karatasi anapotea. Na pembetatu yenye pembe butu inapolalia upande wake mfupi, kimo chake hudondokea nje kabisa, mpaka kitako kirefushwe kwa nukta kukipokea. Hapo ndipo penseli nyingi huwekwa chini.

Katika nyumba nyingi za Sakina kazi hiyo ya jioni hukusanya vizazi vitatu vyenye misamiati mitatu. Babu alijifunza kwa Kiingereza cha mkoloni. Mama alijifunza kitako na kimo, kisha akafika kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimebadilishwa jina. Mtoto anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na hajawahi kusikia kitako kikitajwa darasani. Wote watatu wanakijua kile kile, ila kila mmoja anadhani mwenzake anasema jambo jingine. Wenye uwezo hulipia tuisheni. Tangu 2014 wengine wamesaidiwa na katuni za Ubongo Kids kwenye televisheni, zinazofundisha hesabu kwa Kiswahili na nyimbo; na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi mwishoni mwa Juni meza ya sebuleni ndiyo ilikuwa darasa.

Msaada mwingine uko mtaani, hauulizwi. Sakina inajengwa kila siku. Fundi anayeseti msingi hufunga kamba kwenye vigingi, akapima na kutia alama mita 3 upande huu, 4 upande ule, akasogeza vigingi mpaka kati ya alama hizo mbili zipatikane 5 kamili. Kona imekuwa mraba. Akifika kwenye kenchi za paa, hushusha timazi kutoka juu, na uzi ule unaoning'inia ndio kimo chenyewe, hauhusiani na mteremko wa mabati.

Mtoto akisimamishwa mbele ya kamba hizo anaweza kuchagua upande wowote uwe kitako. Kitako kikiwa 4, kimo ni 3, na eneo ni mita 6 za mraba. Kitako kikiwa 3, kimo ni 4. Ni 6 tena. Akiing'ang'ania ile kamba ndefu ya 5, kimo hakionekani popote. Inabidi fundi avute uzi kutoka kwenye kona hadi uikute ile kamba kwa nyuzi 90. Utepe ukiwekwa unasoma mita 2 na sentimita 40. Tano mara 2.4 ni 12, nusu yake 6.