Silinda ya Litembo na Shilingi ya Boulton

Wadau, nilipanda Litembo kufuatilia habari za mwaka 1902, Wamatengo walipopigana na Wajerumani kule milimani. Hiyo nitaileta. Ila siku niliyofika mashine ya kusaga ilikuwa imekufa, na kina mama walikuwa barazani na madebe yao ya mahindi. Kwa hiyo leo tuongee silinda.

Mashine yenyewe ni ile ya Kihindi, nakala ya Lister ya Kiingereza iliyoanza kutengenezwa 1929. Silinda moja, upana milimita 114.3, mizunguko 650 kwa dakika. Mama mwenye mashine alinitajia dalili zote: moshi wa bluu, oili inaisha kila siku, na asubuhi haiwaki mpaka vijana wawili wazungushe hendeli. Fundi akafungua silinda hedi, akapitisha kidole ndani, akasema, "Imeliwa."

Inaliwaje? Pistoni haipandi na kushuka tu, inasukumwa pembeni pia, kwa hiyo tundu la duara linageuka kama yai. Juu kabisa, pale ringi ya kwanza inapogeukia, joto ni kali na oili ni haba. Hapo ndipo panapolika zaidi. Kuweka ringi mpya humo ni kutupa hela, maana ringi ni ya duara na tundu si la duara tena.

Hilo ndilo lililomtesa James Watt. Alipata hataza ya injini yake ya mvuke 1769, miaka ikapita mvuke ukivuja tu, maana hakupatikana mtu wa kumchongea silinda ya duara kweli. Aliyemwokoa alikuwa mchonga mizinga, John Wilkinson. Mashine za kabla yake zilishikilia mhimili wa kisu upande mmoja, ukawa unainama na kufuata makosa ya chuma. Yeye, 1775, akaupitisha mhimili katikati ya silinda na kuukamata pande zote mbili. Mwaka uliofuata mshirika wa Watt, Matthew Boulton, aliandika kwa furaha kwamba silinda ya inchi 50 haikupotoka hata kwa unene wa shilingi ya zamani. (Fundi wa leo akikosea kiasi hicho utamkimbiza na spana!)

Sasa Litembo hakuna mashine ya kuchongea. Silinda inapanda gari kwenda Songea. Kwenye pande hizi injini haiuawi na kuchakaa, inauawa na umbali wa karakana, na jambo hilo limewahi kutumika vitani. Shuka kutoka milimani mpaka ziwani, kaskazini ya Mbamba Bay, ndiyo Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kupiga mizinga. Hawakuhangaika kuibomoa ile meli. Waliondoa sehemu muhimu za injini wakaenda zao. Pwani ile nani angechonga nyingine?

Basi yule mama alikuwa na wasiwasi wa haki. Silinda ilishachongwa nusu milimita, tena karakana fulani (siitaji) ilichonga kabla pistoni haijanunuliwa, ikawa inagonga tangu siku ya kwanza. Safari hii ilikuwa milimita nzima, na baada ya hapo ni kuweka sliivu au kutafuta silinda nyingine. Akanunua pistoni kwanza. Ikapelekwa pamoja na silinda ili fundi aipime kwa maikromita na achonge kwa kipimo chake, si kwa kipimo cha kitabu. Ule unywele wa mwisho hauondolewi kwa kisu. Unaondolewa kwa mawe ya kunoa yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, yakiacha mistari inayokatana. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Silinda ing'aayo kama kioo inapendeza macho lakini ringi hazikai.

Siku ya nne ikarudi. Kijana alitaka kuifunga hapohapo, maana kina mama walishaanza kupanga foleni. Fundi akamzuia: vumbi la yale mawe hunasa kwenye mistari, na mafuta ya taa hayalitoi. Ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kikatoka kijivu.

"Osha tena," akasema.