Kuinua Gari la Milimani kwa Gharama Ndogo (Mutanga Nord, Bujumbura)

Kuinua gari, kwa maana wanayoijua mafundi wa Bujumbura na wa miji jirani, ni kulizidishia gari kimo baina ya ardhi na chesisi yake, au baina ya chesisi na bodi, kwa muradi wa kulipitisha penye mawe, makorongo na maji, ambapo gari la kimo cha kiwandani lingekwama. Makala haya yahusu hasa namna kazi hiyo ifanywavyo kwa fedha chache juu ya magari ya zamani yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambayo mjini Bujumbura huitwa katre-katre, nayo aghalabu ni Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser zilizotoka kiwandani kabla ya mwaka 2000.

Mutanga Nord ni mtaa wa kaskazini-mashariki ya Bujumbura, katika zoni ya Gihosha ya komini ya Ntahangwa, uliokaa juu ya miinuko ya mwanzo, pale tambarare ya Imbo inapokoma na nchi kuanza kupanda kuelekea safu za Mumirwa. Kusini yake wapita mto Ntahangwa, ambao wakati wa mvua hushuka kwa ghadhabu kutoka milimani, ukila kingo zake na kuchimba makorongo yaliyokwisha kutishia nyumba na barabara za mitaa iliyo kando yake. Barabara kubwa zina lami, ila njia nyingi zinazoingia baina ya nyumba ni za udongo na mawe, na msimu mmoja wa mvua watosha kuzigeuza mifereji. Mkaazi wa mtaa huo akitoka kando ya Ziwa Tanganyika, penye mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari, akashika barabara ya taifa namba 1 kuelekea Kayanza, hufika Bugarama, penye mita takriban 2,200, kabla hajakwenda kilomita 50. Na kwa barabara hiyo hiyo shurti ashuke, katika makona yasiyokwisha, akiwa pamoja na malori mazito na vijana wa baiskeli wanaoteremka mbio wakiwa wamefunga mikungu ya ndizi nyuma yao. Jambo hili la kushuka halina budi kukumbukwa katika kila litakalosemwa hapa chini, kwa kuwa wengi wanaoinua magari yao hufikiri kupanda peke yake, na fedha yote huishia katika kimo, ilhali breki na usukani hubaki kama zilivyokuwa au huwa dhaifu zaidi.

Magari yenyewe yana nasaba ndefu. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, na Toyota ikaunda BJ yake mwaka 1951, ambayo tangu 1954 ikaitwa Land Cruiser. Mfululizo wa 40 uliundwa tangu 1960 hadi 1984, wa 60 ukaanza 1980, na wa 70, ambao ungali mpendwa wa Afrika nzima, ukaanza 1984. Hilux ilizaliwa mwaka 1968, lakini haikupata uvutaji wa magurudumu manne ila mwaka 1979. Hilux zinazotafutwa sana na mafundi ni LN65 ya miaka ya themanini na LN106 iliyoifuata hadi 1997, kwa sababu zote mbili zina ekseli ngumu mbele na nyuma, zilizokaa juu ya springi za majani, na muundo huo ni wepesi kufahamika, wepesi kutengenezwa kwa nyundo na spana, tena unavumilia makosa ambayo miundo ya baadaye haiyavumilii. Magari haya huingia Burundi kwa njia mbalimbali: mengine hupitia bandari ya Dar es Salaam yakiwa yametumika Japani, nayo usukani wake uko kulia japo Burundi yenyewe huendesha upande wa kulia wa barabara, na mengine hununuliwa mnadani baada ya mashirika ya misaada kumaliza kuyatumia, yakiwa yamechoka lakini chesisi zao zingali salama.

Kabla ya kugusa springi yafaa mtu afahamu kanuni moja, ambayo kutoijua kumepoteza fedha nyingi za watu wenye pato dogo. Kuongeza springi huinua chesisi, bodi, injini na kila kilichofungwa juu yake. Lakini ekseli, na ile difu yenye tumbo lililo karibu na ardhi kuliko kitu chochote kingine, hubaki pale pale zilipokuwa. Gari lililoinuliwa sentimita 10 kwa springi litagonga jiwe lile lile kwa difu ile ile. Kitu pekee kiinuacho difu ni tairi, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezwa: Hilux iliyotoka na tairi za 205R16, zenye kipenyo cha sentimita 74 hivi, ikivishwa 7.50R16, zenye sentimita 80, huongezewa sentimita 3 chini ya difu, nazo sentimita hizo tatu zina thamani kuliko kumi za springi. Basi wajibu wa springi ni kufanya nafasi ili tairi kubwa isikwaruze bodi gari linapokata kona au linapozama shimoni, na kuipa pembe nzuri pua na mkia wa gari penye kingo za mto; na kwa wajibu huo sentimita 5 zatosha. Rai ya mwandishi huyu ni kwamba mwenye gari la Bujumbura asivuke hapo, na kila faranga itakayosalia aipeleke kwenye tairi, breki na usukani.

Namna ya kuinua iliyo njema ni kununua seti mpya ya springi na shokapu zilizoundwa pamoja, kama zile za Old Man Emu zitokazo Australia, lakini bei yake hukaribia wakati mwingine thamani ya gari zima. Penye upungufu wa fedha, fundi huzifungua springi za zamani, akayatenga majani yake, akayasafisha kutu, akayakunja upya, na pengine akaongeza jani moja kutoka katika gari lililokufa. Kazi hii ni nzuri ikifanywa kwa maarifa. Jani la springi hupata nguvu yake kiwandani kwa kutiwa moto, kuzimwa katika mafuta, kisha kupashwa tena kwa kadiri maalumu. Fundi akilitia tanurini mpaka likawa jekundu ili lipindike kwa wepesi, kisha akaliacha lipoe lenyewe, huwa amekwisha kuiondoa tabia yake ya kurudi, na gari litasimama kwa fahari majuma machache kisha litalala chini kuliko mwanzo. Jani hukunjwa likiwa baridi, juu ya fuawe, kwa mapigo mengi madogo yanayofuatana kutoka katikati kuelekea ncha. Wala jani lililovunjika halichomelewi kamwe, hutupwa. Amma jani la kuongeza, liwe na upana ule ule na unene usiozidi wa wenzake, kwani jani nene la lori huifanya springi kuwa ngumu, na springi ngumu haishuki kuifuata ardhi: gurudumu moja hubaki likielea hewani, na katika difu ya kawaida, isiyofungwa, nguvu yote ya injini hukimbilia gurudumu hilo lisilogusa kitu, na gari husimama.

Njia rahisi kuliko zote ni kuzibadili shakeli, yaani vile vyuma viwili vinavyoishika ncha ya springi na kuiruhusu ibembee, kwa kuweka ndefu zaidi. Gari hupanda kwa nusu ya urefu ulioongezwa: shakeli iliyozidishwa sentimita 5 huleta sentimita mbili na nusu. Lakini katika Hilux za ekseli ngumu shakeli ya springi ya mbele iko upande wa pua, na ikirefushwa huizungusha ekseli kwa namna ya kuupunguza ule mwegamo mdogo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, nao mwegamo huo ndio unaourudisha usukani katikati wenyewe. Ukipungua, gari huanza kutangatanga barabarani na kumtaka dereva alirekebishe kila dakika, jambo la kuchosha katika tambarare na la hatari katika makona ya Bugarama. Dawa yake ni kabari ya chuma iliyochongwa kwa pembe ndogo na kuwekwa baina ya springi na kikalio chake juu ya ekseli, ili mwegamo urudi ulivyokuwa. Vipande vya kuinulia vinavyotiwa baina ya ekseli na springi vyaruhusiwa nyuma tu, kimoja kila upande, wala si viwili juu ya kimoja. Mbele havifai hata kidogo, kwani nguvu za breki na usukani huweza kuviponyosha. Na vya mti havifai popote.

Kila sentimita iliyoongezwa huvidai vitu vingine vifuate. Shokapu za zamani huwa fupi, na gurudumu likining'inia, shokapu ndiyo inayobeba uzito wa ekseli mpaka ikang'oka. Viungo vya msalaba vya propela shafti hufanya kazi katika pembe kali zaidi na hulika upesi. Mipira ya breki huvutika, na mpira uliovutika waweza kukatika siku gari linapopinda sana penye korongo, yaani siku ile ile breki inapohitajika. Lakini jambo lisahauliwalo kuliko yote liko nyuma. Katika Hilux nyingi za miaka hiyo ipo valvu ya breki yenye kupima mzigo, iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti cha chuma: mzigo ukizidi, chesisi hushuka, kijiti husukuma, na valvu huyapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi ya breki, mzigo ukitoka, chesisi hupanda, na valvu huipunguza nguvu hiyo ili magurudumu yaliyokuwa mepesi yasijifunge na gari likateleza ubavu. Fundi akiinua chesisi bila ya kukigusa kijiti, valvu hulihesabu gari kuwa tupu hata likiwa limejaa magunia ya saruji hadi juu, na breki za nyuma hudhoofika wakati wa haja kubwa kuliko zote. Dereva hatambui kitu katika njia za Mutanga, penye mwendo mdogo. Hutambua akishuka kutoka milimani, pale breki za mbele zilizobeba kazi peke yake zinapopata moto na kukata tamaa. Marekebisho yake ni kipande cha chuma chenye kimo kile kile kilichoongezwa, kinachofungwa pale kijiti kinaposhikana na ekseli, nacho hugharimu saa moja ya kazi na masalio ya chuma. Hapana sehemu ya kazi hii nzima iliyo rakhisi zaidi kwa kulinganisha na roho inazoziokoa.

Zipo njia nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 40 na wa 60 springi zimefungwa chini ya ekseli, na wapo wanaozihamishia juu yake, wakapata zaidi ya sentimita 10 kwa pigo moja. Lakini kazi hiyo hutaka vikalio vipya vya kuchomelewa, usukani uliopangwa upya na shafti za urefu mwingine, na si kazi ya mwenye kubana matumizi. Kuiinua bodi peke yake juu ya chesisi hakubadili springi wala breki, ila shurti vivutwe pamoja nayo mkono wa gia, shafti ya usukani na mipira ya radieta. Ama magari yenye springi za fimbo za kusokotwa mbele, yasizidishwe kusokotwa, kwani shafti za magurudumu huishi kwa pembe mbaya na kupasuka mipira yake.

Vipuri na mikono ya kazi hii hupatikana chini mjini, na hasa Buyenzi, mtaa wa kale wa Waswahili wa Bujumbura, wenye gereji nyingi na ufundi unaopokezanwa toka mkubwa hadi mdogo. Huko hukatwa bushi kutoka katika mpira wa tairi kuukuu, zinazofaa kwa muda. Huko hupatikana jani la springi lenye upana unaotakiwa. Mwenye gari atendaye vyema huanza kwa kuwataka mafundi wamkagulie chesisi kwa nyufa na kutu, beringi za magurudumu, viungo vya usukani na breki zote, naye huzitengeneza hizo kwanza, hata kama itambidi angoje mwaka mwingine ndipo gari lake lipate kimo.

Upande wa tambarare adui ni maji, kwani mto Rusizi na ziwa lenyewe vimefurika mara kwa mara na kuifunika Gatumba na barabara yake. Hapo tena kimo cha springi husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Difu iliyopata moto ikiingia katika maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia kitundu chake cha kupumulia na kuyaharibu mafuta. Mpira mwembamba unaokiunganisha kitundu hicho na mahali pa juu karibu na injini hulimaliza tatizo hilo kwa fedha ya chakula cha siku moja. Katika matope, kuipunguza hewa ya tairi hurefusha unyayo wake na hufanya kazi ya springi nyingi za ghali, maadamu pampu imo garini ya kuirudisha.

Tairi kubwa nayo ina ushuru wake. Ile 7.50R16 iliyotajwa hulizidisha gurudumu kwa asilimia 8 hivi, hivyo kipimo cha mwendo huonyesha 80 wakati gari linakwenda 86, na kila gia huwa ndefu kwa kiasi hicho hicho. Injini ya 2L ya lita 2.4, au 3L ya lita 2.8, zote za dizeli zisizo na tabo, hulihisi jambo hilo zaidi huko juu, kwani Bugarama mgandamizo wa hewa ni pungufu kuliko wa kando ya ziwa kwa sehemu moja katika sita. Na katika miaka hii ambayo mafuta yamekuwa adimu Bujumbura, na foleni za vituoni hukesha, tairi iliyozidi haja ni israfu.

Kazi ikiisha, taa za mbele huinamishwa, kwani zimepanda pamoja na chesisi na huwapofusha wajao. U-bolti zinazobana springi juu ya ekseli huwekwa mpya, si zile za zamani zilizokwisha kuvutika, nazo hukazwa tena baada ya kilomita mia chache, wakati majani yameshakaa mahali pake. Kisha gari hupakiwa mzigo wake wa kawaida, likajaribiwa breki kwanza katika miteremko mifupi ya Gihosha, kwa mwendo mdogo, dereva akisikiliza kama magurudumu ya nyuma yanashika, kabla ya kupelekwa Bugarama.