Kipimo Bila Kikao: Somo la Iringa

Nyanda za Juu Kusini hulisha taifa, ilhali watoto wake wanadumaa. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Kutoka Mbeya hadi Iringa maghala yanajaa mahindi, lakini mahindi meupe hayana vitamini A, na ukoboaji wa sembe huondoa sehemu kubwa ya vitamini B. Hiyo ndiyo njaa iliyofichika.

Mkoa huo una historia ya kupima. Katika miaka ya 1980, mpango wa lishe wa WHO na UNICEF, uliofadhiliwa na Italia, ulianza katika vijiji 168 vya Iringa, wakati Njombe ingali sehemu ya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na majibu yakajadiliwa palepale: kwa nini huyu amepungua, na sisi tufanye nini? Kati ya 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38.

Mizani, hata hivyo, haisomi damu. Upungufu wa vitamini huhitaji sampuli iliyotunzwa kwenye ubaridi na kupelekwa maabara ya mbali. Jibu hurudi likiwa jedwali la wastani mezani kwa mtaalamu, mama halioni.

Biolojia sanisi inaahidi njia nyingine. Mwaka 2019, kundi la Mark Styczynski wa Georgia Tech, Marekani, lilichapisha kipimo cha zinki kinachotumia viambato vya bakteria vilivyokaushwa: tone la majimaji ya damu hubadili rangi, na jibu husomwa kwa macho. Zinki ni madini. Kwa vitamini kazi ingali mbele.

Kazi hiyo isiishie kwenye kemia. Kilichopunguza utapiamlo Iringa hakikuwa mizani, bali kikao kilichofuata mizani. Leo tunayo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Kipimo kipya kibuniwe kwa ajili ya siku hiyo: kisomwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mbele ya mzazi, na halmashauri itenge fedha za kutekeleza kitakachoamuliwa. Vinginevyo tutakuwa tumebuni njia ya haraka zaidi ya kujaza majedwali.