Mradi wa Nile: Wanamuziki wa bonde moja wakutana jukwaani

Mradi wa Nile ni jukwaa la sanaa lililowakusanya wanamuziki kutoka nchi zinazogawana maji ya Mto Nile, ili watunge na kutumbuiza kwa pamoja. Ulianzishwa mwaka 2011 na watu wawili waliokuwa wakiishi Marekani: Mina Girgis, mtafiti wa muziki wa tamaduni mbalimbali kutoka Misri, na Meklit Hadero, mwimbaji mzaliwa wa Ethiopia. Kilichowasukuma ni jambo moja: watu wanaokunywa maji ya mto mmoja hawakuwa wakizijua nyimbo za majirani zao.

Mto na mgogoro wake

Mto Nile una urefu wa takriban kilomita 6,650, na bonde lake limeenea katika nchi 11: Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini, Sudan, Ethiopia, Eritrea na Misri. Kwa muda mrefu maji hayo yamekuwa chanzo cha mvutano. Mkataba wa mwaka 1959 uliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, nchi za juu ya mto, ambako maji hayo yanatoka, hazikutengewa fungu lolote.

Mwaka 1999 nchi za bonde hilo zilizindua ushirikiano wao rasmi jijini Dar es Salaam. Mwezi Mei 2010 mkataba mpya ulifunguliwa kutiwa saini mjini Entebbe, lakini Misri na Sudan ziliukataa. Aprili 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa kubwa kwenye Nile ya Buluu, na mvutano ukazidi. Mradi wa Nile ulianzishwa mwaka huohuo.

Kambi za utunzi

Msingi wa mradi ulikuwa kambi ambamo wanamuziki waliishi na kutunga pamoja kabla ya kupanda jukwaani. Kambi ya kwanza ilifanyika Januari 2013 mjini Aswan, kusini mwa Misri, ikahitimishwa kwa onyesho lililorekodiwa na kutolewa kama albamu iitwayo Aswan. Mwaka 2015 kundi lilizunguka Marekani, na mwaka 2017 ilitoka albamu ya Jinja, yenye jina la mji wa Uganda ambako Nile Nyeupe hutoka katika Ziwa Victoria. Miji yote miwili inalijua vyema suala la mabwawa: la Jinja lilizinduliwa mwaka 1954, na Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970.

Miongoni mwa walioshiriki ni Kasiva Mutua, mpiga ngoma kutoka Kenya. Sophie Nzayisenga wa Rwanda, mpigaji wa inanga aliyefunzwa na baba yake. Steven Sogo wa Burundi. Alsarah, mwimbaji mwenye asili ya Sudan. Na Dina El Wedidi wa Misri.

Kazi yao haikuwa rahisi. Muziki wa Kiarabu hutumia sauti zilizo katikati ya noti za kinanda cha kawaida, ilhali muziki wa Ethiopia umejengwa zaidi juu ya ngazi za noti tano, na midundo ya Maziwa Makuu ina mahesabu yake. Ala moja haiwezi kuingia katika wimbo wa ala nyingine bila mmoja kulegeza nyuzi zake na mwingine kukaza zake. Hata hivyo, walikuta pia undugu. Nyatiti ya Waluo, krar ya Ethiopia, tanbura ya Wanubi na simsimiyya ya Misri zote ni vinubi vya ukoo mmoja, vyenye nyuzi zinazotoka kwenye boriti ya juu hadi kwenye kisanduku cha sauti.

Mali ya wote

Hapo ndipo maana ya mradi inapoonekana. Mto ni mali ya wote: anayechota juu humgusa anayechota chini, na hakuna anayeweza kuuhamishia kwake. Wimbo wa pamoja una sharti kama hilo. Mpiga ngoma akizidisha nguvu, inanga haisikiki. Kwa hiyo kila mmoja hulazimika kujifunza muziki wa mwenzake kabla ya kudai nafasi yake. Kwa sababu hiyo mradi haukuishia kwenye maonyesho, bali uliambatana na warsha na mijadala vyuoni kuhusu maji na utamaduni.

Muziki haugawi mita za ujazo, na migogoro ya Nile haijaisha. Mkataba wa Entebbe ulianza kutumika Oktoba 2024 bila Misri na Sudan, na bwawa la Ethiopia likazinduliwa rasmi Septemba 2025 huku nchi za chini ya mto zikiendelea kulalamika. Maamuzi hayo yamo mikononi mwa serikali. Lakini serikali zinapokutana, kila ujumbe huzungumza kwa niaba ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuisikia sauti ya jirani wanayebishana naye. Sauti hiyo sasa imerekodiwa, na katika nyimbo za Aswan na Jinja inasikika ikiwa pamoja na za wenzake.